Kichwa Ambacho Lamduan Hakukigusa

Kwa miaka ishirini na minne Lamduan alishika vichwa vya watu, na katika nchi ile kichwa si kitu cha kushikwashikwa. Ndipo roho inapokaa; hata mtoto wa jirani hapapaswi utosini ovyo. Kwa hiyo kila asubuhi, katika chumba cha kupimia ubongo cha hospitali moja mjini Ubon, alikutanisha viganja mbele ya dereva wa lori au mwanafunzi aliyeanguka darasani, akakiomba radhi kichwa chake, ndipo akatoa futi. Alipima kutoka mzizi wa pua hadi mfupa wa kisogoni, akatia alama kwa kalamu nyekundu, akabandika waya ishirini na moja kwa gundi laini. Kisha akawabembeleza walale. Watu walioshindwa kulala makwao walikoroma kwa Lamduan, naye akakaa mbele ya skrini akisoma mawimbi yao: hapa amesinzia, hapa anaota, hapa pana hitilafu, daktari aitwe.

"Dada, nipime na mimi basi," Bunthan, kijana msukuma vitanda, alizoea kumtania. "Huenda kuna akili imejificha."

"Nitakuta wali na mpira, Bunthan. Usiniharibie gundi ya serikali."

Lamduan alikuwa mjane mwenye mwana mmoja, Weerayut. Alipotimiza miaka ishirini na mitatu, kijana alinyoa nywele akaingia utawa wa Kibuddha hekaluni kumpatia mama yake thawabu, kama wenzake wanavyofanya. Ilikuwa iwe msimu mmoja wa mvua. Akapapenda, akabaki. Sasa mtawa haguswi na mwanamke, hata huyo aliyemzaa. Lamduan alilimeza sharti hilo bila kinyongo, maana kule husemwa kwamba mama wa mtawa ataingia peponi ameshika upindo wa joho la mwanawe. Tena joho huvuliwa siku yoyote: mtawa akiwa na akili zake timamu hutamka maneno machache mbele ya mwenzake, basi, amerudi uraiani.

Katika mwaka wake wa tatu, Weerayut alianza kunyamaza katikati ya sala za asubuhi. Wenzake waliendelea kuimba, yeye macho kodo, kimya, dakika mbili, dakika tatu. Mtaa mzima ukashangilia. Kijana amezama katika tafakuri, wakasema, amefika kule ambako wazee wa miaka sabini hawajafika. Waliokuwa wakiwapa watawa wali wa kunata konzi moja wakaja na vikapu. Wanawake sokoni wakampisha Lamduan foleni.

Siku moja ya mwezi wa sita alikwenda kumwona mwenyewe. Aliketi mkekani na wengine, akatazama. Midomo ya Weerayut ilichezacheza kama ya mtu anayeonja chumvi. Vidole vya mkono wa kulia vilidonoa pindo la joho, vikadonoa, vikadonoa.

Tusimsingizie ujinga. Lamduan alijua. Hali hiyo alikuwa ameiona kwenye vitanda vyake mara mia, na wala haikuwa tafakuri. Ni ubongo uliopigwa shoti. Mganga hajigangi, na huyu alikuwa na mashine kabisa. Lakini mama mmoja aliyekaa kando yake aliinama akamnong'oneza, "Una bahati wewe," naye akajibu, "Nashukuru." Akarudi nyumbani na ulimi wake.

Wiki tatu baadaye Weerayut mwenyewe alimwita kwenye baraza la hekalu. Walikaa mbalimbali, mama chini, mwana juu kidogo, kama inavyotakiwa.

"Mama, kuna dakika zinanipotea."

"Mtawa amechoka. Hamlali vya kutosha."

"Wanasema nimefika mbali. Mimi najua sijafika popote. Nikirudi nakuta mate kidevuni." Alicheka, lakini uso wake ulikuwa na hofu. "Nataka kupimwa. Nataka unipime wewe, kwa mikono yako. Kesho asubuhi nitatamka maneno nivue joho."

Moyo wa Lamduan uliruka. Kisha ukawaona wanawake wa sokoni.

"Na mafungo ya mvua, ambayo mtawa hayakatizi, ndiyo kwanza yameanza?" alisema. "Watu watasemaje? Subiri mafungo yaishe, mtawa mwanangu. Ni miezi mitatu tu."

"Miezi mitatu," akarudia Weerayut. Akamtii. Alikuwa mtoto mtiifu tangu zamani, na hilo ndilo lililomla mama yake baadaye kuliko yote.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Siku tisa kabla ya mafungo kuisha Weerayut alianguka akipokea chakula barabarani, akatapatapa kama kuku wa kuchinjwa, akaletwa hospitali. Alivua joho? Thubutu. Hakuweza hata kutaja jina lake. Bunthan ndiye aliyembandika waya, Lamduan akisimama hatua mbili nyuma, mikono kifuani, akielekeza: juu kidogo, hapo, usikandamize. Picha zikaonyesha uvimbe kwenye ubongo upande wa kushoto. Wakampasua, wakatoa kilichotoka.

"Kama angeletwa mwezi wa sita," daktari alisema, wala hakuwa na nia mbaya.

Uvimbe ulirudi. Kufikia mwezi wa pili wa mwaka uliofuata Weerayut alilala wodini bila kufumbua macho. Ndipo siku moja, saa nne asubuhi, mtawa mdogo aliyekuwa akimlinda akatoka mbio: mgonjwa ametamka! Ametamka maneno ya kuacha utawa, yote, bila kukosea!

Luang Pho, mkuu wa hekalu, alikuja saa hiyohiyo. Ni mzee asiyependa maneno mengi. Alisimama kando ya kitanda akasikiliza. Kweli, midomo ilitamka tena.

"Lamduan," alisema, "akiyasema akijua anachosema, nayapokea, na utamshika mwanao sasa hivi. Akiyasema bila kujua, ni upepo, na bado ni mtawa. Mimi siwezi kuona ndani ya kichwa. Wewe kazi yako ni hiyo. Nitashika neno lako."

Mashine ikaletwa. Bunthan akabandika waya, na alipoinama akanong'ona, "Dada, sema yupo. Nani atakukosoa? Sema tu."

Lamduan aliangalia skrini. Akamwambia Bunthan amwite kwa jina, kwa sauti. Apige makofi sikioni. Aminye ukucha. Ubongo wa mtu aliyepo hushtuka. Mistari hubadilika, hata kama mwili umelala. Hii haikubadilika. Ilipanda na kushuka, mipana, mizito, ya polepole. Na midomo, ilipomaliza maneno ya kuacha utawa, ikaendelea na baraka za wali wa asubuhi, kisha sala ya maiti, kisha ikarudi mwanzo.

Alitamani kusema uongo. Hakuna alichokitamani hivyo maishani mwake. Hatua mbili tu. Lakini mara moja tayari alikuwa ameujua ukweli wa kichwa hiki akasema lililompendeza yeye, na matokeo yake yalikuwa yamelala pale.

"Hayupo, Luang Pho," alisema.

"Una hakika?"

"Ninayo."

Mzee aliinamisha kichwa, kitu asichomfanyia mwanamke yeyote, akatoka. Bunthan akageukia ukutani akijifuta macho kwa mkono wenye gundi.

Lamduan alipiga magoti sakafuni, karibu na kitanda kadiri mama wa mtawa anavyoruhusiwa kukaribia, akalia. Alilia kwa sauti, akimwita mwanawe jina lake la utotoni, mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakainuka wakakaa. Halafu akainua uso ghafla kutazama skrini.

Mistari ilikuwa vilevile.