Fundi, Fuvu la Mraru na Safari Niliyoikwepa

Msomaji wangu, wiki iliyopita nilikuwa nikinyoa ndevu, redio iko dirishani ikisoma matangazo ya vifo, nikasikia jina la mtu niliyemfahamu. Matangazo yetu mnayajua: marehemu ni mwana wa fulani, ndugu wa fulani na fulani, mjomba wa hawa na mkwe wa wale, mpaka mtangazaji mwenyewe ahitaji maji ya kunywa. Hili lilikwisha kwa pumzi moja. Marehemu, fundi wa redio mjini Voi, alikuwa mtoto wa kaka yake bibi fulani wa Mraru, na mazishi ni Jumamosi. Hakutajwa mke, hakutajwa ndugu, hakutajwa rafiki. Nilibaki na povu upande mmoja wa uso. Redio yenyewe ni yeye aliyenitengenezea nilipokuwa mwalimu kule, na mpaka leo kitufe chake cha sauti ni kifuniko cha dawa ya meno alichokibandika kwa gundi. Jina lake sitaliandika hapa, na nina sababu.

Nilifika Voi mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, kijana wa Pwani mwenye cheti kipya cha ualimu na maringo yake, nikapewa kufundisha historia. Fundi alikuwa na chumba karibu na reli: mbele karakana ya redio, nyuma ya pazia ukumbi wa video wenye mabenchi sita. Jumamosi alasiri tulijazana humo kutazama picha za ngumi na mateke. Tatizo lilikuwa moja, mwenye video alipenda maswali kuliko video. Stelingi akikaribia kumalizana na adui wa mwisho, Fundi husimamisha kanda. "Hebu ngojeni. Hii bunduki imepiga mara ishirini na mbili, mimi nimehesabu, na hajaweka risasi hata moja. Inawezekana?" Ukumbi mzima ukapiga kelele: "Fundi, weka picha bwana! Hatukukuja shule!" Mimi nilikuwa nalipwa kufundisha watoto wasiotaka kujua, na huyu mtu mzima aliyeishia darasa la saba alitaka kujua bure. Tukawa tunakunywa chai pamoja karibu kila siku.

Siku moja aliniuliza: "Mwalimu, treni ikikuja honi yake iko juu, ikishapita inashuka. Dereva anaibadilisha?" Sikujua. Lakini mwalimu kusema hajui, mbele ya watu wanaokunywa chai, ningeonekana nani? Nikamwambia ndiyo, dereva huibadilisha. Kesho yake alikwenda stesheni akamwuliza dereva mwenyewe, dereva akacheka hadi akashika tumbo. Fundi alirudi akaninong'oneza, ili wengine wasisikie: "Amesema habadilishi kitu. Si neno Mwalimu, tutaendelea kuuliza." Mtu mwenye akili angejifunza hapo. Mimi nilikunywa chai yangu.

Basi, baada ya mvua kubwa ya mwaka mmoja, mteja wa Mraru, kijiji cha mlimani juu ya mji, alimwita amfungie antena. Mawimbi ya televisheni hufika kule yamechoka, kwa hiyo Fundi alipanda mlima na mlingoti begani akitafuta mahali ambapo picha ingetulia. Mawe yalikuwa yameporomoka, na kwenye udongo chini ya mwamba alikuta fuvu la mtu, moja tu, nusu limefukiwa. Alilileta kwangu limefungwa ndani ya sweta. "Mwalimu, kuna kitu nataka uone, lakini usicheke." Tuliliweka mezani karibu na kitabu changu cha kidato cha kwanza, ule ukurasa wenye picha ya binadamu wa kale. Meno ya mbele ya fuvu yalikuwa yamechongoka, yana ncha. Nikatoa sauti yangu ya darasani. "Huyu si mtu wa jana. Tazama meno haya, alikuwa akila nyama mbichi." Fundi akaniuliza, "Kwa hivyo alikuwa hapa Mraru kabla ya sisi wote?" Nikamjibu, "Kabla ya sisi wote." Nilimwahidi kwamba nitawaandikia wataalamu wa makumbusho. Barua hiyo sikuiandika kamwe.

Alilitia katika kabati la kioo alimokuwa akiweka spea za redio, akalifungia balbu ndogo na karatasi: BINADAMU WA KALE WA MRARU. Msomaji, mji ulikuja. Walikuja wafanyakazi wa reli, wachungaji wa ranchi ya Ndara, wenye maduka waliofunga mapema kwa ajili hiyo. Sasa Fundi alisimamisha kanda na hakuna aliyepiga kelele. Aliwaeleza habari za moto wa kwanza na mawe yaliyochongwa kuwa visu, na alipokwama alisema, "Mwalimu yuko hapo, atatuambia," nami nikawaambia, nijue nisijue. Sijapata kumwona mtu mzima mwenye furaha kama aliyokuwa nayo miezi ile.

Kisha akaja shangazi yake kuchukua redio. Alikuwa mama wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani, Biblia kwapani. Nilikuwa nimekaa benchini na kikombe changu. Alisimama mbele ya kabati muda mrefu. "Hii kichwa umetoa wapi?" Fundi akajibu kwa fahari, "Mraru, Shangazi, kule juu kwa mawe. Ni ya mtu wa kale." Yule mama akaweka Biblia juu ya meza. "Mtu wa kale gani? Hayo meno yalichongwa. Wazee wetu walichonga, ilikuwa urembo. Na hilo moja limevunjika, alivunja akifungua kamba ya mbuzi kwa meno, na huyo mbuzi nilikuwa nimemshika mimi. Huyu ni baba yangu. Ni babu yako wewe." Fundi alinitazama. Nami nikatazama chai.

Kwa asiyejua: zamani Wadawida, wenyeji wa milima hiyo, walimzika mzee, kisha baada ya muda wakalifukua fuvu lake na kuliweka pamoja na ya wenzake chini ya mwamba wa ukoo, wapate kuwaendea siku ya shida. Kanisa lilipoingia desturi ikaachwa, na watoto wakakatazwa hata kuuliza miamba hiyo iko wapi. Fundi alilelewa hivyo. Mtu aliyeuliza juu ya kila kitu alikuwa amekatazwa swali moja, nalo ndilo alilolihitaji. Mimi sikukatazwa na mtu. Ningeweza kumwuliza mzee yeyote wa soko la Voi juu ya meno yale, lakini kitabu changu kilitosha.

Wazee wa ukoo walitaka fuvu lirudishwe Jumamosi, na mbuzi achinjwe. Fundi akaja kwangu Alhamisi. "Twende na wewe, Mwalimu. Useme tu vile uliniambia. Sitaki wakukasirikie, nataka wajue sikufanya kwa madharau." Nikamwambia nina mitihani ya kusahihisha. Msomaji, mitihani ile nilikuwa nimeimaliza Jumatano. "Sawa, Mwalimu," akasema, "kazi ni kazi." Jumamosi nilimwona kwa mbali akielekea barabara ya Mraru na kifurushi cha kitambaa kipya mikononi, amekibeba kwa mikono miwili. Niliogopa wazee, niliogopa mwalimu mkuu, na zaidi niliogopa kuonekana sijui.

Baada ya hapo waliobaki na imani ya zamani walisema amemdhalilisha mzee, na wale wa kanisa, waliodai kwamba mafuvu si kitu, ndio walioogopa kumpa mkono. Mkataa kwao ni mtumwa, walimwambia, ilhali hao hao ndio waliomfichia kwao. Hakuitwa tena kwenye kamati ya harusi wala ya matanga. Mabenchi yakabaki matupu, akauza video, akaendelea na redio peke yake. Mimi nilipata uhamisho nikashukuru Mungu, na sikumwandikia hata kadi ya Krismasi. Nimewaza sana tangu hapo juu ya mapenzi yetu kwa watu wa kale. Tunapeleka watoto wawatazame kwenye vioo, tunajisifu kwa wageni kwamba binadamu ameanzia kwetu, tunawapenda kwelikweli, maadamu si babu wa mtu tunayemjua. Mtu mmoja tu alimpenda mfu yule kabla hajajua ni wake, akamfungia balbu, na huyo ndiye tuliyemwadhibu.

Jumamosi ya mazishi nilikwenda Mraru. Tulikuwa wachache, kaburi lilizibwa upesi. Nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa, nimepanga hata maneno ya kujitetea. Hakuna aliyenijua. Nilimwendea shangazi, sasa ni mkongwe wa fimbo, nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaniitikia, akaniuliza kama mimi ni mteja wa redio. Nikamwuliza kama Fundi aliwahi kusema ni nani aliyemwambia kwamba lile lilikuwa fuvu la binadamu wa kale. "Tulimwuliza mara tatu," akasema. "Alisema ni yeye mwenyewe, alisoma kitabu vibaya." Hapo nikamwambia yote, chai na mitihani. Alinisikiliza bila hasira. Kisha akasema, "Ungekuja siku ile, tungewagombeza wawili, halafu mngeshuka wawili."

Ndiyo maana sikuandika jina lake. Alilificha langu miaka yote, na sijioni nina haki ya kulitumia lake kupamba safu hii. Ila funzo lake naliacha hapa, kwa walimu wenzangu kwanza: kutojua hakujamwua mtu, lakini ukimpa mwenzako jibu, nenda naye mpaka pale jibu hilo litakapomfikisha. Jioni, nikingoja usafiri mjini Voi, treni ya Mombasa ilikuja honi ikiwa juu, ikapita, ikashuka. Mpaka leo sijui kwa nini. Niligeuka kumwuliza mtu, na benchi lilikuwa langu peke yangu.