Ng'ombe Ndani ya Asmini

Wiki ya kwanza niliyofanya kazi katika duka la shangazi yangu pale Bariadi, nilinawa mikono mara nyingi kuliko nilivyowahi kunawa maishani. Nilikuwa nimetoka Nkololo, ambako tangu nimalize darasa la saba nilichunga ng'ombe wa baba. Shangazi, dada yake baba, anauza pafyumu za kupima, na alitaka mtu wa nyumbani wa kumsaidia. Duka lake liko karibu na soko, limebanana na saluni ya kike. Wasichana wa saluni walinitazama siku moja tu, wakanipa jina.

"Kaka Zizi, mwangaluka!" walinisalimu kwa Kisukuma kila asubuhi nilipofungua mlango. "Leo umetuletea maziwa?"

Mimi si mtu wa kujibu. Mbele ya wageni, hasa wanawake, maneno hunipotea nikabaki kutazama chini. Niliingia ndani, nikanawa tena.

Kazi yenyewe niliipenda kabla sijaielewa. Ukutani kulikuwa na rafu za chupa kubwa za mafuta ya kunukia. Mteja anachagua, unavuta kwa sirinji, unajaza kichupa kidogo, unaongeza spiriti kama anataka ya kupuliza, basi. Mengi yalikuwa na majina ya kujitapa, majina ya wafalme na dhahabu. Lakini rafu ya juu ilikuwa ya maua, na karibu yote yalikuwa maua ya Asia. Kulikuwa na asmini na champaka kutoka India. Kulikuwa na mlangilangi, ambao shangazi alisema asili yake ni visiwa vya mbali huko Mashariki, ingawa siku hizi unalimwa hata Komoro. Kulikuwa na yungiyungi la majini, na ua dogo la Kichina liitwalo osmanthasi, ambalo kwangu lilinukia kama embe lililoiva ndani ya mfuko wa ngozi mpya.

Sikuwa nimewahi kuona hata ua moja kati ya hayo. Duka likiwa tupu nilifungua kifuniko, nikanusa, nikafunga, nikasubiri pua itulie, nikanusa tena. Mimi hujifunza polepole, lakini kitu kikishaingia hakitoki. Baada ya muda niliweza kufumba macho na kutaja kila chupa. Nikagundua pia kwamba zile pafyumu za majina makubwa, ukizinusa bila haraka, ndani yake mna maua yale yale ya rafu ya juu. Mlangilangi umejificha katika hii, asmini katika ile.

Nikataka kutengeneza ya kwangu. Hicho ndicho nilichokitaka kuliko kitu chochote, na sikumwambia mtu.

Shangazi aliona jingine. "Pua unayo," aliniambia jioni moja tukifunga duka. "Mdomo ndio huna. Mteja anaingia, wewe unatazama sakafu, anatoka. Pafyumu haijiuzi yenyewe, mwanangu. Msimu huu wa harusi ukiisha bado uko hivi, utarudi kwa baba yako ukachunge, nami nitachukua msichana mmoja pale saluni. Wale wanasema hata wakiwa usingizini."

Msimu wa harusi huku kwetu huja watu wakishauza pamba, na pamba ilikuwa imeanza kupelekwa kwenye mizani.

Wakati huo huo ikaletwa asmini mpya. Ile ya zamani ilikuwa imeisha, na mfanyabiashara wa Dar es Salaam anayemuuzia shangazi akatuma kichupa cheusi kwa basi, akisema hii ni bora zaidi. Nilikifungua mimi. Kwanza likaja ua, tamu na zito. Halafu nyuma yake, waziwazi, likaja zizi. Lilikuwa zizi la alfajiri, ng'ombe wakiwa bado wamelala, lenye joto la miili yao na mavi yaliyoanza kukauka.

Nikafunga haraka. Nilijua ni mimi. Nilinawa kwa sabuni, nikanawa kwa ndimu, nikaenda nyumbani kubadilisha shati. Nikarudi, nikafungua: zizi. Kesho yake nilikishika kwa kitambaa kilichofuliwa ili vidole vyangu visikiguse. Zizi. Nikaona basi, ng'ombe wa baba wameniingia puani na hawatatoka, na mtu wa namna hiyo hawezi kazi hii.

Kisha akaja mzee mmoja mfanyabiashara wa ng'ombe, amevaa kofia pana, anamtafutia mke wake zawadi. Shangazi alimpaka asmini mgongoni mwa mkono. Mzee akanusa, akaangua kicheko.

"Mayu," akamwambia shangazi, yaani mama kwa Kisukuma, "hii ina ng'ombe."

"Ina nini?"

"Ng'ombe! Nimeamka nao leo, nawajua. Wamo humu."

Shangazi akanusa, akakunja uso, akanusa tena. Tangu ifike hakuwa amepata nafasi ya kuinusa kwa utulivu. Mimi nilisimama nyuma ya meza na sirinji yangu mkononi, moyo unanidunda kwa furaha ambayo nisingeweza kumweleza mtu. Haikuwa mikono yangu. Ng'ombe walikuwa ndani ya kichupa.

Mzee alichukua udi, akaondoka. Shangazi akampigia simu yule mtu wa Dar es Salaam kwa spika, sauti zao zikasikika duka zima. "Umeniuzia kitu kimeoza!"

"Hakijaoza, dada," yule akajibu huku akicheka. "Ile ya kwanza ilikuwa ya maabara, safi kama sabuni. Hii imetoka kwenye ua lenyewe. Asmini ya kweli ina hicho kitu ndani. Watengenezaji wakubwa huko Ulaya wanakitafuta hicho hicho, wanakitia kidogo, pafyumu inakuwa na uhai."

"Hapa si Ulaya! Hapa watu wanataka kutoka kwenye zizi, hawataki kujipaka zizi!" Akakata simu, akaanza kukifunga kichupa kwa nailoni akirudishe kwa basi la kesho.

"Shangazi, usikirudishe," nilisema.

Aligeuka kama mtu aliyeitwa na kabati.

"Nipe mpaka Jumatatu. Nataka nikalinuse ua lenyewe."

"Ukalinuse wapi? India?"

"Maswa."

Mteja mmoja, mama wa Maswa, aliwahi kuniambia kwamba asmini inamkumbusha nyumba kuukuu ya Wahindi, karibu na kiwanda cha kuchambua pamba, ambako mmea wake bado umetambaa ukutani. Wakati ule nilimwitikia kwa kichwa tu. Lakini sikusahau.

Jumamosi nilipanda gari, nikafika Maswa alasiri. Nyumba niliipata kwa kuuliza, na kuuliza huko kulinichosha kuliko safari. Getini alikaa mlinzi, mzee mwenye koti la mvua kwenye jua kali.

"Kibarua hakuna," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Shikamoo, mzee. Sitafuti kibarua. Naomba kunusa ua."

"Marahaba. Kunusa nini?" Alinitazama kutoka juu hadi chini. "Umetumwa na mganga?"

"Hapana, nauza pafyumu Bariadi."

"Kama ni kweli, ninuse mimi. Uniambie nanukia nini."

Nikasogea. "Tumbaku," nikasema. "Na mafuta ya taa. Na karanga."

Akacheka mpaka akakohoa, akatoa karanga mfukoni, akafungua geti.

Mmea ulikuwa umefunika upande mzima wa ukuta. Mlinzi aliniambia anaumwagilia maji aliyofulia, kwa sababu ukifa atakuwa hana cha kutazama. Maua yalikuwa madogo kuliko nilivyodhani, meupe, mengi bado yamefumba. Tukakaa pale tukila karanga. Jua lilipoanza kushuka yakafunguka, kwanza moja moja, kisha kwa wingi, na harufu ikatujia pale tulipokaa bila hata upepo. Nilinusa ua moja baada ya jingine nikiwatafuta ng'ombe. Sikuwapata. Niliona aibu, kama mtu aliyetaja shahidi ambaye hakutokea.

Mzee aliniruhusu kuchuma machache. Niliyafunga kwenye leso yenye maji, nikalala kwa binamu yangu. Asubuhi nilipofungua leso, kingo za maua zilikuwa zimegeuka kahawia. Nikainama. Wamo. Wadogo, mbali, chini ya utamu wote ule, lakini wamo, na havikuwa vitu viwili. Ukiondoa zizi, ua nalo lilikuwa linapungua.

Nilirudi Bariadi nikijua la kufanya: pafyumu yangu mwenyewe, yenye zizi kidogo tu ndani yake. Shangazi akakubali kile kichupa kibaki. Kila jioni baada ya kazi nilikaa na vichupa vitupu. Kwanza niliweka asmini nyingi, ikawa zizi tupu. Nikaizidishia champaka kuifunika, ikawa kama mtu aliyejifukizia zizini. Nikatia mlangilangi, ikapoa kidogo lakini kichwa kikauma. Nilimwaga, nikaanza upya. Nilichelewa kujua kwamba lazima niisubiri ikae siku kadhaa ndipo ninuse, maana harufu hubadilika ikishazoeana. Mwishowe ikabaki mafuta ya msandali chini, mlangilangi kidogo, osmanthasi kwa ajili ya lile embe lake, na asmini ya kugusa tu. Nilijipaka mkononi nikaenda nayo sokoni kwenye joto na vumbi, nikarudi, bado ilikuwa hai.

Shangazi alinusa, akasema, "Sijui."

Wiki ile ile akaingia binti anayeolewa, kutoka Mwamapalala, na shangazi zake wawili waliovaa kitenge sare. Shangazi yangu alikuwa nje anaongea na wenye saluni. Binti alinusa chupa za wafalme zote, akachoka.

"Zote ni pipi," akasema. "Ile uliyoiweka pembeni ni nini?"

Nikatazama sakafu. Kisha nikatazama kichupa changu. Nikajua nikinyamaza sasa, nimejirudisha Nkololo mwenyewe.

"Nimeitengeneza mimi. Ina maua matatu," nikasema. "Leta mkono, dada."

Nikampaka. Shangazi yake mkubwa akamvuta mkono, akanusa. "Mh! Hii imelala zizini!"

"Ndiyo, mayu," nikasema. "Asmini ndivyo ilivyo. Nimelifuata ua lenyewe mpaka Maswa. Likikaa usiku mmoja, zizi linatokea. Hapo ni kidogo tu."

"Mwanaume atadhani ameoa ndama!" akasema yule mdogo, wakacheka wote, na mlangoni nikasikia wasichana wa saluni wakicheka pia. Masikio yalinichoma. Niliendelea.

"Msiinunue sasa. Nendeni sokoni mkamalize mahitaji yenu, mrudi nayo mkononi. Ikiwa bado inawakera, nitampimia nyingine."

Walikwenda. Shangazi yangu aliingia, akasimama kando ya meza. Nilipanga chupa ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Walirudi na ndoo, masufuria na jasho. Binti alikuwa ameweka mkono puani kama mtu anayelia. "Naitaka," akasema.

"Mimi siitaki hata bure," akasema shangazi mkubwa. "Inanikumbusha nyumbani kwa mama."

"Shangazi, hiyo ni sifa au tusi?" binti akamuuliza.

"Sijui. Niache." Lakini alichukua tena mkono wa binti akanusa, kisha akaniambia nimpimie yeye ile ya pipi, chupa kubwa, na huyu mtoto apewe ng'ombe zake.

Walipoondoka shangazi yangu alifuta meza muda mrefu.

"Baba yako amepiga simu asubuhi," akasema. "Anauliza unarudi lini."

"Umemwambiaje?"

"Sikumwambia kitu. Nilikuwa sijui." Akaitoa simu kwenye khanga, akaibonyeza, akanipa. "Mwambie mwenyewe. Si unajua kusema?"

Simu ikaita. Baba akapokea, na nyuma yake nikasikia ng'ombe wakilia.

"Baba, shikamoo," nikasema. "Sirudi. Tafuta mtu wa kuchunga."