Nyumba Niliyokatazwa Kupanga

Nilipohamishiwa Bagamoyo kikazi nilikuja na akili ya Njombe. Kwetu ukitafuta nyumba unakagua madirisha, kwa sababu adui ni baridi. Maji huulizi, yanatoka mlimani na ni matamu. Basi na mimi nikaingia mjini nikikagua madirisha.

Dalali alinizungusha na bajaji, kila nyumba akiisifu kama anayemwoza binti yake. Bei zilinitoa jasho kuliko jua. Kila mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali naye kodi ya mwezi mmoja. Nilikuwa nimekopa kazini kwa ajili hiyo, na nilijua nikikosea nyumba sina pesa ya kuhama tena. Tena nilikuwa namleta mama, ambaye alishalazwa kwa presha.

Nyumba ya mwisho ilinimaliza. Vyumba viwili, vigae, choo ndani, luku ya umeme ya peke yako, na kisima chenye pampu, kwa hiyo ankara ya maji hakuna. Na kodi yake ilikuwa ya chini kuliko zote. Nikamwambia dalali tumalize leo leo.

Mwenye nyumba, mjane wa makamo, aliishi ubavuni mwa nyumba hiyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Watu wa kwenu hawajambo?"

Salamu za pwani hazina haraka. Zilipokwisha akauliza nitaishi na nani. Nikamtaja mama, na presha yake nikaikuza kidogo, nikitumaini huruma itashusha kodi.

Akainuka. Kisha akafungua bomba la uani, akakinga maji kwenye kikombe, akanipa.

"Onja."

Yalikuwa na chumvi. Si ya kukutapisha, lakini ulimi uliijua mara moja.

"Sisi tumeyazoea," alisema. "Mpangaji hununua madumu ya maji baridi, yasiyo na chumvi, lakini mfuko ukiwa mwepesi atapikia haya haya. Mama yako si wa kukaa hapa."

Dalali alikuwa ameshaona ujira wake unaota mbawa. "Mama, unafukuza mteja. Nyumba imekaa tupu tangu Ramadhani."

"Najua imekaa tupu. Mimi ndiye ninayeifagia."

Akampigia simu wifi yake anayeishi kule Zinga, aliyekuwa na chumba na sebule, choo cha nje, na maji matamu ya bomba. Akamwomba apokee kodi ya miezi mitatu mitatu, na wifi akakubali. Nilinuna njia nzima kwa ajili ya vile vigae.

Mama alikuja, tukabanana, tukazoea. Kliniki ya kwanza presha ilikuwa juu. Zilizofuata ikaanza kushuka, mpaka daktari akampunguzia dawa. Nilipomsimulia mama habari za yule mjane, alisema hatalala vizuri mpaka apelekwe kwake. Jumapili moja tukaenda na doti ya kanga.

Nyumba bado ilikuwa haina mtu. Moyo uliniuma, nikashukuru na kuona haya kwa pamoja.

Mama alimshika mkono. "Dada, huyu mwanangu siku ile angekulipa kodi yote, wala asingeuliza kitu."

"Najua," alijibu yule mjane. "Nilimwona keshashika zipu ya mkoba. Ndiyo maana niliwahi."