Jina la Baba kwenye Kitabu cha Jangwani

Siku hiyo tulikuwepo mimi Goreth, kifungua mimba. Mdogo wangu Claudine. Kitinda mimba wetu Fiston. Mzee Pascal, mwalimu wa kwaya yetu. Wanakwaya kumi na mmoja ambao hadi leo wakiniona kanisani wanatazama chini wasicheke. Na Oom Dawid (Oom ni kama Mjomba kwa Kiafrikana), mlinzi wa njia za matembezi, ambaye namwonea aibu kuliko wote. Nawataja ili mtu asije akasema natia chumvi. Nilijifukia mchangani mbele yao, kichwa chini, makalio juu, na akili zangu zilikuwa timamu.

Tulitoka Durban kwa kombi kwenda kuimba kwenye mji mdogo wa jangwani kule Northern Cape. Jumamosi wenyeji wakatuambia tupumzike, kila mtu achague anachopenda: kuogelea bwawani, kupanda ngamia, kuteleza kwa ubao kwenye vilima vya mchanga, au kutembea kwa miguu kufuata mawe yaliyopakwa chokaa. Kwaya nzima ikakimbilia bwawani. Fiston akataka ubao. Mimi niliacha shule darasa la saba nikawalea hawa wawili (siku hizi nashona mashati kiwandani Mobeni), na kazi hiyo imenifundisha kutomwacha mtu nyuma, basi nikasema kama ni ubao, twende wote watatu.

Mwanzo wa njia kuna kibanda, na ndani yake Oom Dawid na kitabu chake. Ukiingia unaandika jina na saa, ukirudi unatia sahihi. Sasa wenzangu, kama mmewahi kupanga foleni ya makaratasi ya ukimbizi, mtanielewa. Karatasi yangu ilikuwa imepitwa na tarehe, na sisi jina letu la kweli hatuliachi ovyo kwenye kitabu cha mtu aliyevaa sare. Kalamu iko mkononi, mzee ananitazama, nikaandika jina la kwanza lililonijia: Salvator. Jina la marehemu baba. Watu watatu, kuingia saa tatu, kurudi saa sita.

"Salvator?" mzee akauliza kwa Kiingereza. "Ni wewe?"

"Ni la ukoo," nikajibu.

Fiston akateleza mara tatu karibu na mawe meupe, kisha akaona kilima kirefu zaidi upande wa pili. "Dada, mara moja tu." Nikakubali. Kutoka kile tukahamia kingine, na kingine, na tulipogeuka kurudi upepo ulikuwa umefuta nyayo zetu, vilima vyote sura moja. Saa saba ikapita. Saa nane chupa ya maji ikaisha, na hapo kifua cha Fiston kikaanza kupiga filimbi. Ana pumu. Pampu yake ilitoa dawa mara mbili, ya tatu ikatoa hewa tupu.

"Usiongee," nikamwambia. "Pumua tu."

Midomo yake ilianza kugeuka rangi. Niliogopa, ila kifungua mimba huruhusiwi kulia, basi nikawa nasema "tumekaribia, tumekaribia" bila kujua tumekaribia wapi.

Ndipo tukasikia sauti za wanaume. "Salvaaator! Salvaaator!"

Kwetu, kabla hatujawa wakimbizi, baba aliitwa hivyo hivyo, kwa jina, na wanaume waliosimama getini mchana kweupe. Akatoka kuwaitikia, hakurudi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, chini ya kitanda, mkono wa mama umeniziba mdomo.

"Lala chini!" Nikawavuta wote wawili nyuma ya kichaka cha miiba, nikaanza kuwafukia mchanga kama viazi, na mkono wangu nikauweka kwenye mdomo wa Fiston. Mtoto ambaye tayari pumzi ilikuwa imemwisha!

"Dada, unamuua!" Claudine akaung'oa mkono wangu. "Wale wanatutafuta!"

"Wanamtafuta Baba!"

"Baba amekufa, Dada. Huku nani anamjua? Nani kaandika jina lake?"

Eish. Ni mimi.

Claudine akapanda kilimani akipunga kitenge. Mimi aibu na hofu vilinigandisha palepale, kichwa mchangani, ndivyo walivyonikuta.

"Goreth," Mzee Pascal akasema, "unafanya nini huko chini?"

"Nimejificha."

"Unamkimbia nani?"

"Nyinyi."

Kwaya ikapasuka kwa kicheko, wengine bado na taulo za kuogelea shingoni. Oom Dawid hakucheka. Alimkalisha Fiston wima, akamnywesha maji kidogo kidogo, akambeba kwa pikipiki yake hadi zahanati.

Huko zahanati ndipo nilipoambiwa. Saa sita na nusu Oom Dawid alikwenda bwawani kumuulizia Salvator, Mzee Pascal akamjibu, "Kwetu hakuna mtu wa jina hilo." Kila mtu akarudi majini. Oom Dawid akaingia jangwani peke yake, akizunguka juani hadi wenzangu waliponikosa wakati wa chakula wakamfuata, nao wakadakia jina lile lile alilokuwa akiliita. Zaidi ya saa nzima ya pumzi za mdogo wangu ilipotea kwa sababu ya kalamu yangu.

Jioni, Fiston akiwa na barakoa ya hewa usoni, Oom Dawid akaniuliza Salvator ni nani. Nikamweleza. Akavua kofia, akafungua kitabu.

"Watatu nimewapata," akasema. "Huyu sijampata. Siwezi kumtilia sahihi. Siku moja urudi, uandike jina lako, tutembee njia yote mimi na wewe, kisha uufunge mstari huu mwenyewe. Hilo ndilo unalodaiwa na mimi."

Huu ni mwaka wa pili. Karatasi yangu mpya imetoka, na kila penye kitabu naandika GORETH kwa herufi kubwa hata kama hakuna aliyeniuliza. Lakini kule sijarudi. Kila nikipanga safari nasikia ile sauti ikimwita Baba, nafungua mkoba nautoa mzigo wote. Na kitabuni, Baba aliingia saa tatu asubuhi, na nafasi ya kurudi bado iko wazi.