Moyo wa Mama na Vidole vya Mwenyekiti

Watu huniambia nisamehe, maana yule mwenyekiti sasa ni mzee sana na mimi mwenyewe nina mvi. Nawajibu kwamba uzee si sabuni. Nimemchukia tangu enzi za vijiji vya ujamaa na sioni sababu ya kuacha leo.

Kijiji tulichohamishiwa kilikuwa ng'ambo ya ziwa kutoka Mwanza, mbele kidogo ya kivuko cha Kamanga. Baba, Msukuma, alikuwa ameshafariki. Mama alikuwa Mhaya, aliyefika na miche yake ya migomba kati ya wakulima wa pamba, na hilo pekee lilitosha kumfanya mgeni maisha yake yote. Mtoto wake nilikuwa mimi tu. Alikuwa na ugonjwa wa sukari wa miaka mingi na alimeza vidonge vya hospitali ya mjini. Hakuna aliyekuwa hajui, kwa sababu kila mkutano aliinuka mara kwa mara kunywa maji na kwenda chooni.

Siku moja debe la mafuta ya taa likapotea kwenye duka la kijiji. Wanawake tuliokuwa na zamu ya kufagia duka tukaitwa ofisini, mama na mimi tukiwemo. Mwenyekiti alikuwa na njia yake ya kumjua mwizi, aliyorithi kwa baba yake aliyekuwa akisaka wezi wa ng'ombe. Unawakalisha watu kivulini, unawapa maji, unawaacha wapoe. Kisha unawagusa shingoni, chini ya taya. Asiye na kosa mapigo yake yameshatulia. Mwizi, hata akae mpaka jioni, moyo wake bado unakimbia. Kijiji kizima kiliamini jambo hilo, na mimi niliamini.

Alinigusa mimi, akasema nimetulia. Alipofika kwa mama vidole vyake vikakaa muda mrefu. Mama alikuwa amekunja miguu, ametulia kama mtu aliye kanisani. Mwenyekiti akageukia watu akacheka.

"Mayu," akamwambia, maana Wasukuma humwita hivyo mama wa watu, "mdomo unasema hapana, shingo inasema ndiyo."

Wakapiga makofi. Waliokula ndizi zake wakapiga makofi! Adhabu ikawa kulima peke yake kipande cha shamba la pamba la kijiji, na watoto wakajifunza kumwita kupe.

Nilimvusha kwa kivuko nikampeleka mjini. Daktari akamlaza, akashika mkono wake, akatoka, akarudi baadaye akaushika tena. Akaniambia kwamba sukari ikikaa mwilini miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu inayoutuliza moyo, ndiyo maana wa mama ulikuwa unakimbia hata akiwa amelala. "Si woga, dada, ni ugonjwa," alisema. "Na mgonjwa wa sukari mwenye moyo wa namna hii yuko hatarini zaidi. Moyo unaweza kusimama bila hata kifua kumuuma. Asifanye kazi nzito."

Nilirudi mbio kumweleza mwenyekiti. Nilimwamkia kwa adabu zote, shikamoo yangu ikaitikiwa, nikamweleza neno kwa neno.

"Huyo daktari alikuwepo mafuta yalipoibwa?" akauliza. Kisha akaendelea kuchokonoa meno.

Nilimwomba mama asilime. Akakataa.

"Nisipolima watasema ni kweli," alisema. "Nitamaliza shamba lao, halafu watanirudishia jina langu."

Mwizi hajajulikana mpaka leo. Mama alilima, akapanda, akapalilia. Pamba ilipoanza kufunguka alikaa asubuhi moja mlangoni na kikombe cha uji, akaniambia amechoka, wala hakulalamika kuumwa popote. Nilipotoka na ufagio alikuwa amekufa. Jina lake alikuwa hajarudishiwa.

Nililia siku ile tu. Baada ya hapo nilikuwa namsubiri mtu mmoja. Wahenga walisema akutendaye mtende, mche asiyekutenda, na sikuona mzaha wowote katika maneno hayo.

Kwetu kuna mila kwamba aliyekosana na marehemu hatupi udongo kaburini mpaka aseme mbele ya watu walichokosania, na mfiwa amkubalie. Akiondoka bila kuutupa, wanaamini mkosi utaingia nyumbani kwake, na mwenyekiti aliuogopa mkosi kuliko alivyoogopa wakubwa wa wilaya. Alikuja mazishini amevaa suti yake ya mikutano. Mwili ulipokwisha kuteremshwa, akachota udongo. Nikasimama mbele yake.

"Sema kwanza," nikamwambia.

"Hapa si mahali pake, binti yangu."

"Mimi si binti yako. Sema."

Akanong'ona kwamba yeye na marehemu walipishana kidogo katika mambo ya kijiji. Nikamwambia walio nyuma hawajasikia, na kwamba mama hakupishana na mtu. Akawatazama wazee wamwokoe. Wazee wakatazama chini. Jasho lilimtoka mpaka likaingia kwenye kola, na sitasema uongo, nilifurahi.

"Nilimwita mwizi," akasema hatimaye, kwa sauti. "Nilidhani moyo wake unakimbia kwa woga. Ulikuwa ugonjwa. Hakuwa mwizi. Na nilimlimisha akiwa mgonjwa."

Wanawake wakaguna. Walewale waliopiga makofi sasa walikuwa wanafuta macho kwa khanga, na jina la mama likawa safi mbele yao wote. Kila mtu alidhani yamekwisha. Mwenyekiti naye alidhani hivyo. Akanyoosha mkono juu ya kaburi, ngumi imejaa udongo, akaniangalia.

"Sasa nitupe?" akauliza.

"Hapana," nikamwambia. "Rudi nao nyumbani kwako."