Mzee wa Chumba cha Mnarani

Nyumba ile niliichukia kabla sijazima gari. Kutoka kwangu Richardson, viungani mwa Dallas huku Marekani, ni mwendo wa saa nzima, unauacha mji nyuma mpaka mashamba yaanze, halafu inakutokea: mbao tupu, ghorofa mbili, baraza imeizunguka pande tatu, na pembeni mnara wa duara wenye paa lililochongoka. Chini ya kila ukingo wa paa wamening'iniza nakshi za mbao, vitundu na vimaua, kama mtu aliyevaa dhahabu zake zote kwenda sokoni. Getini kuna kibao kinachosema ilijengwa na tajiri wa pamba, miaka mia na zaidi iliyopita, zama za malkia mmoja wa Kiingereza. Pamba hiyo aliichuma nani, kibao hakisemi.

Mimi ni mtu wa Mombasa, Mji wa Kale, nakshi hazinibabaishi. Lakini kwetu baraza ni ya kukaa watu. Ile ilikuwa na viti sita vyeupe ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kuvikalia.

Ndani kulikuwa na ngazi mbili. Ya mbele pana, ina mikono ya kuchongwa na dirisha la vioo vya rangi. Ya nyuma imejificha karibu na jikoni, nyembamba, mwinuko mkali, giza. Waliitengeneza ili watumishi wasionekane. Siku ya kwanza binti wa mwenye nyumba alinionyesha hiyo ya nyuma. "Wafanyakazi hupita huku," alisema, huku akitabasamu. Wazee walisema nyumba njema si mlango, na mimi ule mlango wenyewe sikupitishwa.

Kazi yangu ilikuwa kumuuguza baba yake, mzee wa miaka themanini na sita. Kiharusi kilimnyima kusimama na kutembea, akili kikamwachia. Nyumba ni yake. Ila binti alikuwa akikodisha vyumba vya chini kwa harusi na watu wa kupiga picha, na mgonjwa hapendezi kwenye picha, kwa hiyo alimpandisha juu kabisa, mnarani. Alikuwa hajashuka kwa miezi minane.

Chumba cha duara ni upuuzi mtupu. Kitanda hakigusi ukuta, kabati haligusi ukuta, unazunguka tu. Madirisha yamepigwa rangi mpaka yakagandamana, na yako juu hivi kwamba mtu aliyelala haoni ila mawingu. Nilimwuliza binti kwa nini asifunge kiti cha umeme cha kuteremshia wagonjwa ngazini. Akasema skrubu zitaharibu mbao, na mbao zile zina zaidi ya miaka mia. Babake ana themanini na sita tu, kumbe hajatosha kuhifadhiwa.

Jumamosi nilikuwa na mwenzangu, Mkongo mmoja mpole aliyekuja kunisaidia kumwogesha. Asubuhi moja, tukimfuta maji, mzee akasema anataka kukanyaga nyasi. Alisema hivyo tu, mara moja, wala hakubembeleza.

"Dada, muzee anaomba majani tu, c'est tout," mwenzangu akaniambia. "Tumushushe."

"Na tukim-drop je? Care plan inasema asitoke chumbani." Hiyo ni karatasi ya utunzaji, na binti ndiye aliyeitia sahihi.

"Nyumba ni ya nani? Si ni yake?"

Kwetu swali lingeishia hapo. Mzee akiwa kwake, na akili zake timamu, akisema anataka nje, unamtoa nje. Huendi kumwomba mwanawe ruhusa. Hilo ndilo kosa letu. Tulisahau kwamba huku mwenye nyumba ni yule anayetia sahihi.

Kingazi kinachotoka mnarani hadi ghorofa ya kwanza hakipitishi watu wawili, kwa hivyo nilimbeba mgongoni, nikamfunga kwa leso, mwenzangu akatangulia chini ili atudake tukianguka. Alikuwa mwepesi, wallahi, mwepesi wa kutia uchungu. Tulipofika ghorofa ya kwanza niliteremka kwa ngazi ya mbele, makusudi.

Tukamkalisha kwenye kimojawapo cha vile viti vyeupe, tulichokiburura mpaka uani. Nikamvua soksi. Alizipeleka nyayo huku na huku kwenye nyasi kwa muda mrefu, kisha akainua macho kuutazama mnara.

"Mbaya sana," alisema. "Mke wangu aliipenda nyumba hii. Mimi sikuipenda hata siku moja."

Nilicheka. Nilifurahi kupata mwenzangu wa kuichukia.

Ndipo gari la binti likaingia, limejaa maua ya harusi ya mchana. Alimpita babake. Aliingia ndani moja kwa moja, nikamwona kwa mlango ulioachwa wazi akipapasa mkono wa ngazi, kutoka juu hadi chini, akitafuta mkwaruzo. Aliporudi alisema wageni wanafika saa nane, mrudisheni.

Nikamwambia huyu ndiye mwenye nyumba, na anataka kukaa nje. Akajibu kwa upole uleule kwamba karatasi zote ziko kwa jina lake yeye, na tumemhamisha mgonjwa bila idhini. Akitaka, anaweza kuwaita polisi sasa hivi. Mwenzangu alikuwa bado anasubiri makaratasi yake ya ukaazi. Aliinamisha kichwa. Mimi yangu ninayo, na nilinyamaza vilevile.

Nikamfunga mzee leso tena. Tulipofika mlangoni alinyoosha mikono yote miwili akaukamata mwimo, na hakuwa mwepesi tena. Hakupiga kelele. Binti alisema rangi itabanduka. Mwenzangu aligeuka akatazama barabarani. Vidole vile nilivitoa mimi, kimoja kimoja.