Mizizi Iliyomwagwa Rudewa

Mkonge uliotelekezwa una harufu yake. Ni harufu ya maji yaliyolala kwenye mashina yanayooza, uchachu unaokaa kooni hata ukishafika nyumbani. Masika yale, kule Rudewa, harufu hiyo iliingia mpaka chumbani alimolala baba. Alikuwa dereva, akibeba vitunguu vya Lumuma kupeleka Mikumi, na tumbo lake lilikuwa limeanza kumtangulia mlangoni. Hospitalini walimpiga picha, wakasema ini limejaa mafuta na limeanza kuharibika. Apunguze mwili, kwani vidonge vya kuyaondoa hawakuwa navyo. Mtaani wakacheka, eti kumbe Mwislamu mwenzetu anajificha baa. Uongo mtupu. Pombe yake ilikuwa chipsi mayai za Mikumi na soda baridi.

Bibi, mama yake baba, hakukubali kwamba hospitali inaweza kukosa dawa. Aliujua mti ambao mizizi yake ilisifiwa kwa maradhi ya ini. Jina lake silitaji, maana nawajua watu, wataamka kesho na majembe. Mgonjwa haulizwi uji. Bibi hakumshauri baba, alichukua jembe akanishika mkono. Mwiko ulikuwa mmoja: mchimba dawa hasalimu wala haitikii mpaka aifikishe kwa mgonjwa. Akiitikia, dawa imekufa, na mgonjwa huyo hachimbiwi tena. Mimi niliyezoea kufinywa kwa kusahau shikamoo, siku ile nikawapita wazee wa watu kimya, nao wakiona jembe wakageuza nyuso. Hapo ndipo hofu iliponianza.

Tulichimba, tukarudi katikati ya mistari ya mkonge, jua likiwa utosini. Upepo haukuwapo, wala ndege. Ndipo sauti ya baba ikaita kutoka ndani ya mkonge, taratibu, kama alivyokuwa akiita mlangoni akitoka safari: "Mama." Bibi alisimama, akauma midomo. Ikaita tena, karibu zaidi, na sasa ilikuwa imechoka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

"Nipo huku, mwanangu," Bibi akaitikia.

Hakutokea mtu. Bibi akaitazama mizizi, akaimwaga, akaifukia kwa miguu huku akilia. Nilitamani kukimbia lakini sikujua niikimbie sauti au niifuate. Nyumbani tulimkuta baba kitandani, na mama akaapa kwamba hakuwa ametoka hata kujisaidia. Baba akafumbua macho. "Nimeota nakutafuta kwenye mkonge, mama," alisema. "Ukaniitikia, nikarudi."

Bibi hakumwambia habari ya mizizi. Baba aliishi kwa mchicha wa kuchemsha na uji usio na sukari, akitembea kando ya reli kila jioni, na polepole, kwa miaka, tumbo likashuka. Bibi alinong'ona kwangu mara nyingi kwamba mwanawe angepona mapema, kama si mdomo wake. Alikufa na kidonda hicho moyoni.

Leo nafanya kazi maabara, Morogoro, nikitafuta kwenye mimea viambato vinavyoweza kupunguza mafuta ya ini. Nilipoupata mzizi ule, niliuweka kwenye seli za ini zilizokuzwa kwenye kisahani cha maabara. Kiasi kidogo sana kilipunguza mafuta, nikafurahi, ingawa kutoka kwenye kisahani mpaka kwa mgonjwa ni safari ndefu. Kisha nikaujaribu kwa ukali ambao Bibi alizoea kuchemshia dawa zake, konzi nzima ichemke hadi maji yawe meusi. Seli zote zikafa. Nilirudia, zikafa tena. Zamani tuliogopa mwiko bila kuuliza kipimo. Sasa ninapima kila kitu, na sauti ile bado sijui ilikuwa ya nani.

Nilimpigia baba simu, nikamweleza yote. Akauliza, "Sasa mama yangu nani atamwambia?"

Nilikwenda mwenyewe makaburini Rudewa, mchana. Nikamwambia Bibi kwa sauti kwamba hakumnyima mwanawe dawa, alimwokoa. Nililia, nikasimama nikisubiri sijui nini. Kisha nikaondoka upesi, kwa kuogopa kuitikiwa.